Bwana Usafi na Ukuta wa Nassa

Bwana Usafi alisafisha nyumba za Bariadi kana kwamba bahari iko nyuma ya stendi ya mabasi. Jina lake nalijua lakini sitaliandika. Ukoo wake sikuuliza. Ukipanga nyumba moja na mtu kwa miaka sita unajua anavyokohoa na anavyofunga mlango akiwa na hasira, lakini babu yake humjui, na huna haja naye. Tulimwita Bwana Usafi kama watu wanavyosema bwana shamba au bwana afya, na yeye aliitika kama mtu mwenye ofisi.

Alikuwa Msukuma mrefu, mwenye miguu ya kufuata ng'ombe, na kazi yake ilikuwa kudeki nyumba za watu. Wanaume wa mtaa wetu waliona hilo ni kichekesho kisichoisha. Akipita na ndoo yake walimwuliza kama mume wake ameamka salama. Alijibu kwamba ameamka salama, anawasalimia, na anauliza vyoo vyenu mtaviosha lini. Hakuwahi kukasirika. Alisema mwanaume anayeogopa tambara ataishi na kunguni, na kunguni hawaulizi nani baba wa nyumba.

Yeye alisema ameishi Tanga miaka kumi na tisa, kwenye jumba moja karibu na bahari, na huko ndiko alikojua usafi. Kila sentensi yake ya tatu ilikuwa na bahari ndani. Huko hewa ina chumvi. Huko ukiacha kiatu chini ya kitanda wiki mbili kinaota manyoya. Huko bawaba ya mlango inaliwa na kutu kama muhogo unavyoliwa na panya. Kwa hiyo huko wana akili ya kusafisha, sisi hatuna. Alitaka kitu kimoja tu maishani, na kila mtu kwenye ua wetu alikijua: apewe nyumba moja yenye unyevu wa kweli, ili awaonyeshe watu kwamba anachokijua ni elimu, si porojo. Lakini Bariadi ina vumbi. Malori ya pamba yakipita, hata mbwa anabadilika rangi.

Ndoo yake haikuwa na chupa ya dukani hata moja. Ilikuwa na majivu yaliyochekechwa, magadi kwenye kopo, siki iliyolowekwa maganda ya limau, na vipande vya khanga kuukuu vilivyokunjwa kama hati za kiwanja. Majivu yalikuwa ya sufuria na masinki. Magadi yalikuwa ya mafuta ya jikoni. Siki ilikuwa ya vioo, na ya kumaliza harufu ya mkojo wa mtoto kwenye godoro. Godoro lenyewe alilitoa juani kila Alhamisi, hata kama mwenyewe amelala juu yake. Kuna mwalimu mmoja aliyekuwa na malaria akatolewa nje na godoro lake, akapona siku hiyohiyo, na Bwana Usafi alilisimulia hilo mpaka tukachoka.

Dawa za chupa alizichukia kama mtu aliyewahi kufungwa kwa sababu yazo. Akiingia nyumba mpya, kazi ya kwanza ilikuwa kusoma chupa zilizoko. Alisoma kwa sauti, taratibu, kama hakimu anayesoma hukumu. "Hapa wameandika isiguse macho. Hapa wameandika isiguse ngozi. Hapa wameandika uvae glavu." Kisha anamtazama mama mwenye nyumba. "Mayu, mama yangu, na hii unaimwaga mahali anapotambaa mtoto?" Mama akisema lakini inanukia vizuri, alikuwa na jibu lake la siku zote. Alisema fisi aliyepakwa marashi bado ni fisi.

Sasa niseme na ukweli mwingine. Mashati yake yalikuwa meupe mno. Nilikuwa fundi rangi, weupe naujua, na weupe ule haukutoka kwenye majivu. Siku niliyompakia mlango wake nilikuta chini ya kitanda chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, kubwa, imebaki nusu. Niliishika tu, sikusema kitu, kwa maana mimi si msemaji. Aliniona. Aliichukua mkononi mwangu kwa upole akairudisha chini ya kitanda.

"Hiyo ni ya shati," akasema. "Shati halikohoi."

Baada ya hapo alinipenda zaidi.

Mama mwenye nyumba wetu alikuwa mjane mwenye sauti ya kuvusha ng'ombe mto. Yeye ndiye aliyepata hasara zote za elimu ya Tanga, kwa sababu Bwana Usafi alimsafishia chumba bure kila Jumamosi na hakukubali kukatazwa. Alizipaka bawaba za mlango wake mafuta ili chumvi isizile. Chumvi haikuja. Vumbi ndilo lililokuja, likakaa kwenye mafuta, likawa tope, na mlango ukaanza kulia kama ndama. Alifungua madirisha yake saa nne asubuhi ili upepo wa bahari ufukuze unyevu, malori yakapita, na kitanda chake kikawa barabara. Alipolalamika, Bwana Usafi alimjibu kwamba bahari haipigi simu kabla ya kuja.

Lakini lililovuka mpaka lilikuwa la joho la kwaya. Bwana Usafi aliweka mkaa kwenye mfuko wa kitambaa akautundika kabatini, kwa sababu mkaa hunywa unyevu. Hilo ni kweli. Ila mfuko ulikuwa umetoboka, na Jumapili ya mavuno mama mwenye nyumba aliimba mstari wa mbele akiwa na mistari ya pundamilia kuanzia begani mpaka kiunoni. Alirudi nyumbani bila kusalimia mtu. Alimkuta Bwana Usafi anakula.

"Namhala," akamwambia, yaani mzee, "wewe ulikuwa Tanga kweli, au ulikuwa Shinyanga ukaota?"

Ua mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona ameumia.

Mimi ndiye niliyemletea nyumba yake, na nilimletea kwa aibu. Mwaka ule nilikuwa nimepaka nyumba mpya ya mzee mmoja wa kanisa kule Nassa, karibu kabisa na ziwa. Alikuwa mkulima wa mpunga aliyefanikiwa, na alitaka kuta zing'ae mpaka mtu aweze kuchania nywele. Nikampakia rangi ya mafuta ndani, kuta zote, chumbani na sebuleni. Miezi minne baadaye zikatoka doti nyeusi. Nikarudi nikapaka tena juu yake. Zikatoka tena, na safari hii zilikuja na ndugu zao. Mke wake akaanza kukohoa. Alikuwa anamwagia kuta dawa ya chupa kila asubuhi ili kuua ukungu, na kadiri alivyomwaga ndivyo alivyokohoa, mpaka akahamia kulala jikoni. Mzee wa kanisa aliniambia nimeharibu nyumba yake, na nilijua ataisema habari hiyo mpaka nikose kazi ziwani kote.

Niliporudi nililisimulia jambo hili uani, kwa maneno machache. Bwana Usafi aliacha kutafuna.

"Unyevu?" akaniuliza. "Wa kweli?"

Nikasema wa kweli, unaweza kuandika juu yake kwa kidole.

Akasimama palepale kwenda kutafuta ndoo. Mama mwenye nyumba akamwita arudi. Akamwambia aende, lakini kwanza wakubaliane mbele ya watu. Masika yakiisha na ukungu umerudi, basi habari za bahari zimekwisha kwenye ua huu, hataki kulisikia jina la Tanga mpaka azikwe.

"Na ukungu usiporudi?" akauliza Bwana Usafi.

"Usiporudi nitakaa chini nikusikilize. Na sitacheka."

Hilo la kutocheka ndilo lililomshika. Alilirudia njiani kwenye basi mpaka Lamadi, tulipobadilisha gari.

Ziwa lenyewe lilimsumbua. Tulishuka Nassa, maji yakaonekana mpaka mwisho wa macho, naye akageuka kulipa kisogo. Alisema mtu akija kufanya kazi asitazametazame. Tulipofika kwa mzee wa kanisa alivua viatu, akasalimia watu wote kwa heshima, kisha akaenda moja kwa moja ukutani akaulamba.

Mzee wa kanisa alinitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi asiyemwagiza.

Bwana Usafi alilamba tena, mahali pengine. Akaenda dirishani akalamba nondo. Kisha akaketi juu ya ndoo yake. "Hakuna chumvi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepoteza nauli. Mtoto yeyote wa Nassa angemwambia kwamba maji yale hunywewa na ng'ombe na watu. Yeye alikuja na miaka kumi na tisa ya kupigana na chumvi, akakuta adui hayupo. Alikaa pale karibu saa nzima. Niliona aibu kwa ajili yake na kwa ajili yangu, nikajifanya napima dirisha.

Halafu akaamka, akaweka kiganja ukutani, akakikaza kama anayepima homa. Akakwangua kwa ukucha. Rangi yangu ikatoka kipande kizima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa.

"Nani alipaka hii?" akauliza, na alijua.

Nikaangalia dari.

Hakunitukana. Alieleza kwamba ukuta umevalishwa koti la mvua ukiwa umeshalowa, kwa hiyo maji hayana pa kutokea. Aliuliza kwa nini madirisha yamefungwa. Mke wa mzee wa kanisa, mama mwembamba aliyekuwa anakohoa kila baada ya maneno manne, alisema ni kwa sababu ya wale wadudu wa ziwa wanaokuja kama moshi na kujaa kwenye chakula. Bwana Usafi akamwuliza wanakuja saa ngapi. Jioni, wanafuata taa. Basi akasema madirisha yafunguliwe saa nne mpaka saa tisa, jioni yafungwe kabla ya kuwasha taa, na nguo mbichi zisianikwe tena ndani. Huyo mama alisema hakuna mtu aliyewahi kumwuliza wadudu wanakuja saa ngapi.

Chupa zote za mama yule Bwana Usafi alizitoa nje. Ndoo ya siki hakuigusa siku ile. Kuta zote zilioshwa kwanza kwa maji matupu, mara tatu, kwa sababu, alisema, siki ikikutana na hiyo dawa yenu humu ndani, hatutatoka tukiwa idadi ileile. Hilo nililikumbuka baadaye kila nilipoona mtu anachanganya dawa bila kusoma.

Siku ya pili ndiyo aliyotaka kutuua kwa njia nyingine. Makabati yalikuwa yananuka uvundo, nguo za harusi za mama yule zimeota madoa ya kijani. Bwana Usafi alitoa nguo zote juani, akachukua chungu, akatia makaa na vijiti vya ule mti ambao bibi zetu hufukizia vibuyu vya maziwa, akaingia navyo kabatini. Akafunga mlango wa kabati. Moshi ukatoka chini. Akahamia chumba kingine na chungu chake, ananung'unika mdomoni, kwa maana alihesabu dakika kwa kunung'unika, saa hakuwa nayo. Shati jeupe, chungu cha moshi, midomo inacheza, anatoka chumba mpaka chumba kwenye nyumba ya mzee wa kanisa. Majirani waliokuwa wanaanika dagaa waliacha dagaa.

Kufika saa nane Nassa nzima ilikuwa inajua kwamba mzee wa kanisa ameleta mfumu. Mganga kabisa, kutoka Bariadi, kuja kufukiza nyumba kwa sababu mke anakohoa. Saa tisa walifika wazee wenzake watatu na bibi mmoja wa umoja wa akina mama, wakakaa sebuleni bila kuvua kofia. Mzee wa kanisa alikuwa amekauka. Aliambiwa kwamba cheo chake kitajadiliwa. Akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyewasha moto, na kweli mimi ndiye niliyemleta mwenye kuwasha.

Bwana Usafi hakujitetea kwa maneno. Alifungua kabati akawaomba waje wanuse. Hakuna aliyesogea. Akamshika mzee aliyekuwa karibu, kwa adabu kabisa, akamwinamisha akamwingiza kichwa kabatini.

"Nusa, baba. Ukiona shetani, toka."

Mzee alikaa humo. Tuliona mgongo wake tu. Kisha yule bibi akanyanyuka, akamsukuma pembeni, akaingiza kichwa chake mwenyewe, akavuta hewa ndefu.

"Hiki ni kibuyu," akasema akiwa ndani. "Kibuyu cha maziwa cha mama yangu."

Alitoka machozi yakimlenga, moshi au mengineyo sijui. Akawaambia wenzake kwamba kama huu ni uganga basi wote wamenyonyeshwa uganga, wavae kofia zao waende. Walikuwa wameshazivaa.

Iliyobaki ilikuwa vita ya chokaa. Bwana Usafi alitaka rangi yangu yote ikwanguliwe na kuta zipakwe chokaa, kwa sababu chokaa huacha ukuta upumue na ukungu haupendi kuishi juu yake. Mzee wa kanisa alisema chokaa ni ya vyoo na mashina ya miti. Alisema hakulima mpunga miaka yote ile aje apokee wageni kwenye kuta za choo. Alikuwa ameshikwa na fedheha ya ule moshi na hakutaka nyingine. Bwana Usafi alianza habari za Tanga, majumba ya mawe, na akakatwa kauli. Mzee wa kanisa akamwambia aende zake, inatosha.

Nilimwona anakunja vitambaa vyake. Nilijua anahesabu masika yanayokuja.

Mama yule alikuwa mlangoni, khanga mdomoni. Alikohoa, akangoja kikohozi kiishe, akasema bila kupandisha sauti:

"Baba, anayekohoa ni mimi."

Mzee wa kanisa akakubali chumbani tu, ambako wageni hawafiki. Sebule ibaki iking'aa. Siku nne nilikwangua rangi yangu mwenyewe kwa mikono yangu, na Bwana Usafi alikuwa nyuma yangu akinionyesha mahali nilipoacha. Tukapaka chokaa mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Chumba kikawa cheupe kama yai, haking'ai hata kidogo. Tukaondoka.

Masika yale yalikuwa marefu. Bwana Usafi hakutaja bahari hata mara moja, alisema shauri bado halijakatwa. Kila mvua kubwa aliniuliza kama na Nassa inanyesha. Mimi ningejuaje. Mama mwenye nyumba alitengeneza mlango wake, akafua joho lake, akawa anamtazama Bwana Usafi kwa huruma, jambo ambalo yeye alilichukia kuliko kicheko.

Mvua zilipokata, niliitwa Nassa. Mama yule alinipokea mwenyewe na alikuwa amenenepa kidogo. Alinipeleka chumbani. Nilipitisha mkono nyuma ya kabati, kwenye kona, chini ya dirisha. Pakavu. Sebuleni mzee wa kanisa alikuwa amekisogeza kiti chake kikubwa ukutani, akakaa juu yake akiwa ameuegemea ukuta kwa mabega yote. Nilipomwomba asogee alichelewa. Nyuma yake doti zilikuwa zimetapakaa mpaka juu.

"Kwangua na hii," akasema.

Nilikaa huko wiki nzima. Niliporudi Bariadi nilimkuta Bwana Usafi stendi. Wapiga debe waliniambia amekuja siku ya tatu mfululizo, anaangalia kila basi kutoka Lamadi. Aliniuliza kwanza hali ya njia, na afya ya wenyeji, na dagaa. Kisha akauliza.

"Chumbani?"

"Hakuna kitu."

"Nyuma ya kabati?"

"Pakavu."

Nilitegemea ataruka. Hakuruka. Alitembea nyuma yangu mpaka nyumbani, na mara mbili nilisimama kumngoja.

Uani akina mama walikuwa wanachambua mchicha. Niliwaambia habari yote, nadhani ndiyo siku niliyoongea maneno mengi kuliko siku zote. Mama mwenye nyumba alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoa kiti cha mgeni, akamwekea Bwana Usafi. Yeye mwenyewe akaketi chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

"Ng'wadila, namhala," akamsalimia kama mgeni. "Nimekaa. Sema habari za bahari."

Bwana Usafi alipangusa magoti ya suruali yake kama yana vumbi.

"Ile nyumba ya Tanga," akasema, "mimi nilikuwa nalinda geti."

Hakuna mtu aliyeendelea na mchicha.

"Aliyekuwa anasafisha ni mama mmoja wa kulekule. Madirisha, mkaa, chokaa, vyote ni vyake. Mimi nilikuwa namwona kupitia dirishani. Miaka kumi na tisa. Alikuwa ananiita mjinga, kwa sababu kila siku nilimwuliza kwa nini unafanya hivyo, na kesho namwuliza tena. Bahari nilikuwa nainusa tu, naiogopa. Moshi ni wa mama yangu, huo ndio wangu peke yake."

Mama mwenye nyumba alikuwa ameuma ncha ya khanga, mabega yanatikisika, na wote tulimwangalia tuone kama atashika ahadi. Aliishika. Ilimchukua muda. Alitoa khanga mdomoni, akafuta macho.

"Huyo mama alikuwa anaitwa nani?"

Akalitaja jina lake, polepole, kama mtu anayeweka yai juu ya meza.

"Haya," akasema mama mwenye nyumba. "Anza na yeye."